Binti anataka kusomea mbegu, tuuze shamba?

*Shangazi, salamu kutoka Matisi, Kitale. Binti yangu ana digrii ya kilimo. Sasa anataka uzamili wa fiziolojia ya mbegu kule Eldoret, halafu uzamifu. Baba yake asema tuuze nusu ekari tulipe karo. Majirani wanacheka: miaka yote hiyo kujifunza kupanda? Silali.*
Mama mwenye mawazo

Mama, pole. Tuanze na hao majirani. Waulize kama wamewahi kupanda mbegu ya mboga ya saga waliyoivuna juzi tu. Mbegu mpya hugoma, ilhali ile iliyokaa miezi kadhaa huota. Bintiyo anataka kujua ndani ya mbegu kunaendelea nini. Julius Ochuodho, ambaye amefundisha Chuo Kikuu cha Eldoret, aliifuata saga hiyo hiyo maabarani. Mwaka 2005 yeye na mwenzake, A. T. Modi, walichapisha utafiti kuhusu jinsi joto na mwanga vinavyoathiri kuota kwake. Ilionekana kwamba mwanga waweza kuizuia, kwa hiyo ukipanda, ifunike udongo.

Na huko kwenu Kitale ndiko mbegu ilikojengewa jina. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapo mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti kikatoa H611, mahindi chotara yaliyozaliwa kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na ile ya Ecuador aliyoileta Michael Harrison. Lakini bila watu wa kupima uotaji kwa kuhesabu miche, gunia la mbegu ni kamari. Kwa mahindi, kipimo cha kimataifa hutaka mbegu 400. Hupandwa, huhesabiwa siku ya nne na tena siku ya saba, na mche uliokosa chipukizi hauhesabiwi kuwa mzima, hata kama umeota. Ni kazi ya macho na subira, na mshahara wake haumtajirishi mtu.

Hapo ndipo baba yake anaponitia wasiwasi. Kazi za utafiti ni chache, na mhadhiri wa muda aweza kukaa miezi bila malipo. Nusu ekari ikienda haitarudi.

Kwa hiyo binti asome, ila si kwa shamba. Utafiti wa namna hii mara nyingi hubebwa na mradi wenye fedha zake. Aende akamwone msimamizi anayemtaka, amuulize waziwazi: kuna mradi? Unalipa karo? Wanafunzi wako waliomaliza wako wapi? Abishe pia hodi kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO hapo Kitale, Kenya Seed na KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, aulize wanaajiri watu wa namna gani. Akikosa ufadhili mwaka huu, afanye kazi hata ya agroveti huku akiomba tena.

Mwambie mzee hivi, kwa upole lakini bila kuzunguka: uzamili waweza kungoja mwaka mmoja, shamba lisiuzwe.