Maradhi ya Ukeni: Mficha Uchi Hazai

Wengi wa akina mama wanaoanika dagaa hapa Kirando hutufikia wakiwa wamechelewa. "Sista, nilidhani ni shombo ya dagaa tu," hutuambia. Wengine wameshajiosha ndani kwa sabuni, chumvi au ndimu, na hali imezidi. Mwezi huu tujifunze jambo hili bila kuoneana haya.

Uke wenye afya hutoa ute mweupe au usio na rangi, usiowasha wala kunuka vibaya. Ute huo huongezeka katikati ya mwezi na wakati wa ujauzito. Ndani yake wamo bakteria wema wanaotengeneza asidi ya kuulinda uke. Sabuni na ndimu huwavuruga walinzi hao. Kwa hiyo osha sehemu ya nje tu, kwa maji safi. Ndani hujisafisha penyewe.

Maradhi tunayokutana nayo zaidi ni haya:

1. Fangasi. Dalili zake ni muwasho mkali, mashavu ya uke kuvimba, na uchafu mzito kama maziwa ya mgando. Huwapata zaidi wajawazito, wenye kisukari, wenye upungufu wa kinga, na waliotoka kutumia antibiotiki. Si ushahidi wa uzinzi. Dawa yake ni vidonge vya klotrimazoli vinavyowekwa ukeni.

2. Bakteria wabaya kuzidi. Hapa hutoka majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo, hasa baada ya tendo la ndoa. Hutibiwa kwa metronidazoli.

3. Trikomona. Uchafu huwa mwingi, wa manjano au kijani, pengine wenye povu, na mkojo huchoma. Ugonjwa huu huambukizwa kwa kujamiiana. Mume na mke watibiwe pamoja, la sivyo utarudi. Mwanamume anaweza kuwa nao bila kuhisi lolote.

Tumeona nyumba zikivunjika kwa sababu mume, arudipo kutoka ziwani, amekuta dawa chini ya mto akaanza kushutumu. Baba, usihukumu kabla ya vipimo. Fuatana na mkeo kliniki.

Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, maana dawa ya fangasi haiponyi trikomona. Fika upesi zaidi kama una mimba, kidonda, homa na maumivu chini ya tumbo, au unatokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi. Damu hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi. Kipimo cha kupaka siki huonyesha mabadiliko mapema, wakati bado yanatibika. Na tangu mwaka 2018 wasichana nchini kote hupewa chanjo dhidi ya virusi vinavyoleta saratani hiyo. Usimzuie binti yako.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama, njoo tukupime. Utakayotueleza yataishia kwetu.