Jicho Hupokea, Ubongo Huona

Wengi wetu twadhani kuwa kuona ni kazi ya jicho peke yake, na kwamba kila mwenye jicho zima huona. Dhana hii si sahihi, na madhara yake huwafikia watoto wachanga wasioweza kujisemea.

Aliyelibainisha jambo hili zamani ni mwanachuoni Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyehamia Misri, katika Kitab al-Manadhir alichokiandika karne ya 11. Kabla yake walikuwako waliosema kuwa jicho hutoa mwale ukaenda kukigusa kitu. Yeye alilikataa neno hilo: nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Kisha akasema lililo kubwa zaidi, kwamba nuru hiyo haitoshi mpaka akili ipime, ilinganishe na iliyokwisha kuyajua, ndipo ihukumu.

Msomaji na ajaribu mwenyewe. Mwezi mpevu uchomozapo baharini huonekana mkubwa kama sinia. Nyosha mkono, uupime kwa ukucha wa kidole cha shahada. Ukifika utosini, upime tena: kipimo ni kile kile. Jicho limepokea kiasi kimoja mara zote mbili; aliyeukuza mwezi ni ubongo.

Basi ikiwa kuona ni hukumu, hukumu haina budi kufunzwa; hakuna kadhi azaliwaye na elimu yake. Mnamo 1963 David Hubel na Torsten Wiesel, huko Marekani, walieleza jinsi walivyofumba jicho moja la mtoto wa paka kwa miezi kadhaa, kisha wakalifumbua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo karibu haukulitambua tena. Sehemu yake ilikwisha twaliwa na jicho la pili. Paka mkubwa aliyefanyiwa vivyo hivyo hakudhurika. Kwa uchunguzi wao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Wako watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe ndani ya mboni. Hapa ndipo tuwalaumupo baadhi ya wazazi. Huambiwa ni kijicho cha jirani, wakafunga hirizi; au husema, "Tungoje akue, apate nguvu." Mtu mzima akikawia kutolewa ukungu, mara nyingi huona akitolewa, kwani ubongo wake ulikwisha jifunza. Mtoto mchanga hana akiba hiyo. Ukungu ukiwa mzito, madaktari hutaka autolewe katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Akiletwa baada ya miaka, jicho laweza kusafishwa likang'ara, na bado asione sawasawa.

Wala kazi haiishi kwa kupasuliwa. Atahitaji miwani au lenzi, na aliyeugua jicho moja huzibwa lile zima kwa saa kadhaa kila siku, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Atalia na kukivuta kitambaa. Mama na nyanya wasimvue kwa huruma kabla ya saa alizoagiza daktari.