Kwa Nini Miche ya Muwati Hufa?

Mji wa Eldoret uko katika nchi ya juu ya Uasin Gishu, yapata meta 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika karne ya 20 mashamba makubwa ya miwati, mti ulioletwa kutoka Australia, yalipandwa huko, na magome yake yakasindikwa mjini humo ili kupata dawa ya kudabaghi ngozi. Mti huu hufaa pia kwa kuni, makaa na nguzo. Lakini pengine mkulima hupanda miche mingi, na mwaka ukiisha huona michache tu iliyosalia. Hapo husema kwamba mbegu zilikuwa mbovu. Mara nyingi sivyo: mbegu zilikuwa njema, bali mahali na wakati havikufaa.

Kila mche hutawaliwa na hali ya mahali ulipo. Mkoko wa pwani husitawi katika tope la chumvi. Muwati ukipandwa humo hufa. Muwati nao una masharti yake.

Kwanza, mbegu. Ganda lake ni gumu, wala maji hayapenyi upesi. Kwa hiyo mbegu humwagiwa maji yaliyochemka, kisha huachwa humo yapoe mpaka asubuhi, ndipo zipandwe.

Pili, maji na jua. Kitaluni mche mchanga huhitaji kivuli chepesi na udongo wenye unyevu. Maji yakizidi, kuvu huozesha shina karibu na udongo, na mche huanguka. Majuma machache kabla ya kuuhamisha, kivuli na maji hupunguzwa kidogo kidogo, ili mche uzoee taabu ya shambani.

Tatu, baridi. Hewa baridi ni nzito; usiku huteremka mabondeni na kutuama humo kama maji. Katika usiku wa kiangazi usio na mawingu, umande waweza kuganda ukawa jalidi na kuunguza majani. Muwati hauvumilii jalidi. Yafaa upandwe mteremkoni, si bondeni, wala si mahali ambapo maji husimama, kwa maana mizizi hukosa hewa.

Nne, wakati. Katika nchi ya Eldoret mvua huanza yapata Machi au Aprili, na huendelea mpaka Septemba hivi. Mche uliopandwa mwanzoni mwa mvua, udongo ukiisha kulowana vema, hupata miezi kadhaa ya kupeleka mizizi chini kabla ya kiangazi. Uliopandwa mwishoni hukutwa na jua mizizi ikiwa bado juu juu.

Baada ya kupanda, magugu yapaliliwe, maana huunyang'anya mche maji na mwanga, na ng'ombe na mbuzi wazuiwe.

Wazee walisema: udongo uwahi ungali maji. Mkulima akichagua mahali pafaapo na kupanda kwa wakati wake, kazi yake ya mwaka mzima haitapotea bure.