Safu ya Afya: Mkwe, mtoto na kipande cha sabuni

*Sista, shikamoo. Nina mtoto wa siku 12, ndiye wa kwanza. Tunaishi Tanga, na mama mkwe amekuja kutoka Pangani kunilea uzazi hadi arobaini iishe. Ananipikia, anamkanda mtoto, usiku anaamka kabla yangu. Tatizo ni mikono. Juzi alikuwa anapara samaki, mtoto akalia; akachovya mikono kwenye beseni lilelile la samaki, akajifutia kanga, akambeba. Nikanyamaza. Jioni akaja wifi yangu anayesomea maabara, akasimama mlangoni na chupa ya vitakasa mikono, kila anayeingia anamnyunyizia, hata wazee. Mama mkwe akasusa chakula. Mume wangu anasema tuache, sisi sote tumekulia kwenye uchafu na hatujafa. Mama mkwe naye anasema amelea saba. Nani yuko sahihi, na nimwambieje bila kuonekana sina adabu? Mama Mpya, Tanga.*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye beseni la samaki.

Maji yale yana damu, magamba na utumbo, na mkono uliopara samaki una utelezi wa mafuta. Maji matupu huteleza juu ya mafuta kama mvua juu ya jani la mgomba. Vimelea vingi vinabaki palepale. Sabuni ndiyo inayoweza kuving'oa, kwa sababu inashika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili, na ukisugua vyote vinaondoka pamoja. Kwa hiyo kusugua na kusuuza kuna maana kuliko jina la sabuni. Kipande cha kufulia kinatosha. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku sabuni za kunawia zenye triklosani na viambato vingine 18 vilivyosifiwa kuua vijidudu, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida. Maji ya baridi yanafaa sawa na ya moto. Sugua sekunde 20 hivi: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha, na kidole gumba, ambacho karibu kila mtu hukisahau.

Halafu ile kanga. Kanga ya mama aliye jikoni ni taulo, ni kishikio cha sufuria, ni kitambaa cha kumfutia mjukuu kamasi. Mkono ulionawa vizuri kisha ukafutwa pale umerudi ulikotoka. Kama hakuna taulo safi, aipunge mikono mpaka ikauke, kwa sababu mkono wenye majimaji huambukiza kirahisi kuliko mkavu.

Kwa upande wa vimelea, basi, wifi yako yuko sahihi. Ila chupa yake isingemsaidia mama siku ile. Vitakasa mikono vyenye kileo cha asilimia 60 au zaidi hufanya kazi kwenye mkono unaoonekana safi, kwa mfano ule wa mgeni aliyeteremka kwenye bodaboda. Kwenye utelezi wa samaki, au kinyesi, havifui dafu. Na mtu asimshike mtoto kabla havijakauka mikononi.

Mumeo anasema mmekulia kwenye uchafu na hamjafa. Aliyekufa hayupo hapo sebuleni kubishana naye. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Hapo tumshukuru Mungu, na chanjo na vyandarua. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza vilitoka 25 hadi 24 tu. Kinachoua watoto katika siku hizo ni hasa kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Mawili ya kwanza ni mzigo wa hospitali. Hilo la tatu huingia hadi chumbani kwako.

Ni kweli wapo wanasayansi ambao tangu mwaka 1989 wanauliza kama usafi uliopitiliza huwafanya watoto wapate mzio zaidi. Wao wanazungumzia mtoto anayecheza na ndugu zake, na mbuzi, na udongo. Hakuna aliyesema mtoto wa siku 12 aonjeshwe maji ya samaki. Huyo bado anaishi kwa kinga aliyoazima kwako, tumboni na katika maziwa yako, hasa yale ya kwanza ya njano.

Na hoja ya kulea saba, usiijibu kabisa. Wanawake wengi wa rika la mama walizaa kumi wakalea saba, na wale watatu hawatajwi mbele za watu. Ukimletea takwimu hizi nilizokuandikia, unaweza kuwa unakanyaga makaburi bila kujua.

Wifi yako anaweza kufarijiwa na kisa cha daktari mmoja wa Kihungari, Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847 huko Vienna aliona wazazi wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi katika wodi ya madaktari kuliko katika wodi ya wakunga. Madaktari walikuwa wakipasua maiti asubuhi kisha wanakwenda kuzalisha. Akaamuru wanawe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili, kabla ya amri yake, katika kila wazazi 100 waliofika wodini walikufa kama 18. Kufikia Juni hawakuzidi watatu. Unadhani walimshukuru? Walikasirika, kwa sababu kumwambia mtu mzima kwamba mikono yake ni michafu ni tusi, awe daktari wa Vienna au mama wa Pangani. Naye hakuwa na ulimi mtamu: baadaye aliwaandikia wakubwa wa fani barua za wazi akiwaita wauaji. Akafa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wengi wakiwa bado wanampinga. Ukweli alikuwa nao. Chupa ya mlangoni pia alikuwa nayo, kwa namna yake.

Sasa nikuambie la kwangu. Nilipojifungua kifungua mimba wangu, likizo ikaisha, nikarudi wodini. Siku ya kwanza nimefika nyumbani na sare yangu nyeupe, maziwa yamejaa, nikanyoosha mikono kwa mtoto. Mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, akageuka naye akanipa mgongo. "Umetoka nje. Kaa kwanza upoe. Koga, vaa kanga, ndipo uje." Nikamjibu kwa kiburi cha nesi kwamba hayo ni mambo ya zamani, upepo na mazongo. Akaniuliza leo nilikuwa wodi gani. Nilikuwa wodi ya watoto wenye kuhara.

Niliingia bafuni bila neno la pili.

Ndiyo sababu sikubali hii iitwe vita ya wa zamani na wa kisasa. Mzazi kukaa ndani siku 40, wageni wachache, anayetoka safari au kilioni asimkaribie mtoto mpaka aoge, wa nje apumzike kwanza barazani: mama mkwe wako anayo masharti ya kuzuia maambukizi, ila majina yake ni mengine. Kilichokosekana ni sabuni katikati ya jiko na kitanda. Anajua kumlinda mtoto na watu. Hajawahi kufikiri kwamba yeye mwenyewe, akitoka jikoni, naye ametoka nje.

Wala wewe hujafikiri hivyo, nadhani. Barua nzima hukutaja mikono yako. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa kusini mwa Nepal uliofuatilia watoto wachanga zaidi ya 20,000. Wale ambao mama zao walisema hunawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto walikuwa na hatari ya kufa katika mwezi wa kwanza iliyopungua kwa asilimia 44 hivi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba ni sabuni peke yake. Mama anayenawa huenda ana mengine mazuri anayofanya. Hata hivyo mikono inayozungumziwa hapo ilikuwa ya mama mzazi, si ya bibi. Na waliopima mikono ya akina mama hapa Tanzania, katika utafiti uliochapishwa 2011, waliona vimelea vinaongezeka kwa shughuli za kawaida tu za nyumbani, kuandaa chakula ikiwemo. Kunawa asubuhi hakukupeleki mpaka jioni.

Nitataja jambo moja ambalo mama na mkwe hulikosea kwa umoja: kinyesi cha mtoto. Kwa kuwa ananyonya tu na hakinuki, tunakiona kama si uchafu. Nepi inakunjwa, mkono unafutwa, titi linatolewa. Hakina tofauti na cha mkubwa kwa uwezo wa kuambukiza. Baada ya nepi, sabuni. Kabla ya kunyonyesha, sabuni. Baada ya choo, samaki, nyama mbichi au kuku, sabuni. Ukipiga chafya kwenye kiganja, vilevile. Saa nyingine pumzika. Hutaki mikono ipasuke, maana ngozi iliyopasuka nayo ni maficho ya vimelea.

Kwa siku 12 kitovu kinaweza kuwa bado kinaning'inia au kimedondoka juzi. Kwa kawaida hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Kiachwe kikavu, nje ya nepi, na kabla ya kukigusa nawa. Mate, majivu, mafuta, poda au samadi visiwekwe, hata kama mama ana dawa aliyorithi. Pepopunda ya watoto wachanga iliingilia hapo. Kama kliniki walikupa dawa ya kupaka, fuata maelezo yao. Na kama nyumbani kwenu hufanya tahniki, yaani kumlambisha mtoto mchanga kitu kitamu, anayeingiza kidole kinywani mwa mtoto anawe kwa sabuni na kucha ziwe fupi. Asali isitumike kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Wageni wakubusu wewe. Midomo kwa mtoto mchanga hapana, hasa mwenye vidonda au malengelenge ya mdomoni, kwani kirusi chake kinaweza kufika hadi kwenye ubongo wa mtoto. Mwenye kikohozi atazame kwa mbali. Chanjo ya kifaduro mtoto haanzi mpaka wiki ya sita. Ukimwona amekataa kunyonya, amelegea, mwili umechemka kufikia nyuzi 37.5 au umekuwa baridi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, ametingishika kama degedege, au ngozi kuzunguka kitovu imekuwa nyekundu au inatoa usaha, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo.

Namna ya kusema: usiseme. Mwambie mumeo, kwa kuwa anasema tuache, basi atumie mikono yake na si hoja zake. Atoboe dumu dogo atengeneze kibuyu chirizi, alitundike kati ya mlango wa jiko na chumba, na sabuni iwe ndani ya wavu pembeni ili isilowe ikawa uji. Maji yanayochirizika ndiyo kunawa kwa heshima, na mama analijua hilo: kwao mgeni hunawishwa kwa birika, hapewi maji aliyonawia mwenziwe. Beseni libaki la samaki. Kisha mbele ya wifi yako mwambie mama, "Mama, wageni wananizidi, mimi mtoto mdogo siwezi kuwaambia kitu. Naomba wewe ndiye uwe unawanawisha kabla hawajamshika mjukuu wako." Utaona. Mtu aliyekabidhiwa birika hawezi kumnawisha mwingine yeye mwenyewe akiwa na magamba ya samaki. Na wifi yako mpe kazi nyingine, kama kubeba maji.

Ukipata nafasi, mnunulie mama doti ya kanga. Upande mmoja ajifunge, wa pili ukae kitandani kwa ajili ya kumpakatia mtoto tu, usiingie jikoni. Ila wewe mwenyewe nenda dukani, usitume mtu, na usome maandishi yake vizuri kabla ya kulipa. Kanga ya mafumbo mkononi mwa mkwe aliyesusa chakula juzi ni kesi nyingine, na safu hii haina dawa yake.