Shibe na Kalori katika Chakula Kilichogandishwa

Katika masomo yaliyopita umejifunza kwamba chakula huupa mwili nguvu, huujenga na kuukinga na maradhi. Sasa tutachunguza jambo ambalo kila mtu hulihisi lakini wachache huliuliza. Kwa nini chakula fulani hushibisha, na kingine chenye nguvu sawa hakishibishi?

Tutalichunguza kwa kutumia chakula ambacho pengine hujapata kukiona: mlo uliopikwa kiwandani, ukagandishwa, ukatiwa katika sanduku la karatasi, na hatimaye kupashwa moto katika jiko la maikrowevu. Milo ya namna hii imeenea sana katika nchi ya Marekani. Tumeichagua kwa sababu juu ya kila sanduku huandikwa uzito wa chakula, kalori zake na virutubishi vyake. Kwa hiyo inafaa sana kwa hesabu za kisayansi.

Fikiria muuguzi anayefanya kazi katika hospitali moja ya mji wa Chicago. Kazi yake huanza saa 1 jioni na kwisha saa 1 asubuhi. Daktari amemshauri apunguze uzito, kwa kuwa shinikizo la damu yake limepanda. Usiku wa manane hupata nusu saa tu ya kula. Chumba cha mapumziko kina friza na maikrowevu, lakini hakina jiko la kupikia. Akichukua sanduku lenye kalori chache bila kufikiri zaidi, saa 8 usiku tumbo litaanza kunguruma, naye atakwenda kununua biskuti na chokoleti. Kalori alizoziepuka zitaingia kwa mlango mwingine. Je, achague sanduku gani?

KALORI NI NINI?

Kalori ni kipimo cha nishati, yaani nguvu iliyomo katika chakula. Kalori 1 ya chakula ni joto linalotosha kuongeza joto la kilo 1 ya maji kwa digrii 1 ya sentigredi. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9. Gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4, na gramu 1 ya protini vilevile kalori 4. Nyuzinyuzi za mimea hutoa karibu kalori 2 tu. Maji hayatoi kalori hata moja, lakini yana uzito nayo hujaza tumbo. Shika sana jambo hili la maji, maana ndilo ufunguo wa somo letu.

Jaribio. Pima gramu 100 za mchicha mbichi kwa mizani. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha upime tena. Uzito umebaki kiasi gani? Uzito uliopotea ni uzito wa nini?

Utaona kwamba sehemu kubwa ya mchicha ilikuwa maji, karibu gramu 90. Ndiyo maana gramu 100 za mchicha zina kalori 23 tu, ambapo gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 560. Ukitaka kalori 250 kutoka kwa karanga, gramu 44 zinatosha, nazo ni za kutiwa kiganjani. Kalori 250 za viazi vya kuchemsha ni gramu 290 hivi, sahani ya kutosha. Kalori hizohizo kwa mchicha ni zaidi ya kilo moja! Nguvu ni sawa, lakini tumbo halitayaona mambo hayo matatu kuwa sawa hata kidogo.

TUMBO LINAJUAJE KWAMBA LIMESHIBA?

Tumbo ni mfuko unaotanuka. Katika kuta zake kuna mishipa ya fahamu inayotambua kiasi cha kutanuka. Chakula kikiingia kwa wingi, mishipa hiyo hupeleka habari kwenye ubongo. Baadaye chakula kinapofika katika utumbo mwembamba, kuta za utumbo hutoa homoni ambazo nazo huuarifu ubongo, hasa chakula hicho kikiwa na protini na mafuta. Habari hizi huchukua muda, karibu dakika 20, kukamilika. Mtu anayekula mbiombio humaliza sahani kabla ubongo haujapata habari. Nyuzinyuzi nazo hukichelewesha chakula tumboni, hivyo shibe hudumu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1995 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, waliwapa watu vyakula 38 mbalimbali. Kila kipimo cha chakula kilikuwa na kalori 240, wala si zaidi. Kisha kila baada ya dakika 15, kwa muda wa saa 2, watu hao waliulizwa wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili vyakula vingine vilinganishwe nao. Viazi vya kuchemsha vilipata alama 323, vikavishinda vyakula vyote. Kroasanti, mkate wa Kifaransa wenye siagi nyingi, ilipata alama 47 tu.

Uchunguzi mwingine ulifanywa na Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, na ulitangazwa mwaka 1999. Kabla ya mlo wa mchana, wanawake walipewa chakula cha kuku na wali. Siku moja walikila peke yake. Siku nyingine walikila pamoja na glasi ya maji. Siku nyingine maji yaleyale yalichanganywa na chakula kilekile, ikawa supu. Katika mlo wa mchana uliofuata, walikula kidogo zaidi siku ya supu. Glasi ya maji iliyonywewa kando haikuleta tofauti hiyo. Kumbe maji yaliyomo ndani ya chakula hushibisha kuliko maji yanayokunywewa pembeni!

CHAKULA KILIVYOFIKA KATIKA SANDUKU

Kati ya miaka ya 1912 na 1915, Mmarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, ambayo sasa ni sehemu ya Kanada. Aliwaona wenyeji, Wainuiti, wakivua samaki katika baridi kali, na samaki hao wakiganda mara moja. Walipoyeyushwa baada ya muda mrefu walikuwa bado na ladha nzuri. Sababu ni hii: chakula kikiganda polepole, chembe za barafu huwa kubwa nazo huzipasua seli zake, hata kikiyeyuka hulainika na kutoa maji. Kikiganda upesi, chembe za barafu huwa ndogo na seli hazidhuriki sana. Katika miaka ya 1920 Birdseye alitengeneza mashine za kugandisha kwa haraka. Hivi leo chakula kilichogandishwa huhifadhiwa katika digrii 18 chini ya sifuri, ambapo bakteria hawawezi kuongezeka. Hawafi wote, wamelala tu.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya Swanson iliieneza milo kamili iliyogandishwa katika trei za alumini. Milo hiyo haikukusudiwa kupunguza unene wa mtu yeyote. Mwaka 1981 kampuni ya Stouffer's ilianza kuuza milo iitwayo Lean Cuisine, kila mmoja ukiwa na kalori zisizofika 300, na kampuni nyingine zikafuata.

KUSOMA MAANDISHI YA SANDUKU

Sasa tumrudie muuguzi wetu. Mbele yake kuna masanduku mawili. Hebu tuyasome pamoja naye.

Sanduku la kwanza lina tambi na mchuzi wa jibini. Uzito ni gramu 200, kalori 250, protini gramu 9, nyuzinyuzi gramu 2.

Sanduku la pili lina kuku, maharage, wali wa mchele usiokobolewa na mboga. Uzito ni gramu 350, kalori 280, protini gramu 21, nyuzinyuzi gramu 8.

Mtu mwenye haraka atachukua la kwanza, kwa sababu 250 ni pungufu ya 280. Lakini gawanya kalori kwa uzito. Sanduku la kwanza: 250 ÷ 200 = 1.25, yaani kalori 125 katika kila gramu 100. Sanduku la pili: 280 ÷ 350 = 0.8, yaani kalori 80 katika kila gramu 100. Sheria za Marekani haziruhusu mlo kutangazwa kuwa una kalori chache iwapo gramu 100 zake zina zaidi ya kalori 120. Kwa hiyo sanduku la kwanza halistahili jina hilo, na la pili linastahili, ingawa lina kalori 30 zaidi! Kwa nyongeza hiyo ndogo muuguzi anapata chakula kizito zaidi kwa gramu 150, protini zaidi ya maradufu na nyuzinyuzi mara nne. Huyu atafika asubuhi bila biskuti.

Itakuwaje ikiwa friza imebaki na sanduku la kwanza tu? Anaweza kuliongezea gramu 200 za mboga tupu zilizogandishwa, kama vile maharage mabichi na koliflawa, zenye kalori 60 hivi. Mlo sasa una gramu 400 na kalori 310, yaani kalori 77.5 katika kila gramu 100. Protini bado ni kidogo. Yai moja la kuchemsha litaongeza gramu 6 kwa kalori zisizozidi 80.

Kuna mstari mmoja zaidi asiouruka: sodiamu, ambayo hutokana hasa na chumvi. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na ndiyo maradhi yanayomsumbua. Maandishi ya vyakula vya Marekani huhesabu miligramu 2,300 kuwa upeo wa siku nzima, na si ajabu kukuta miligramu 600 katika sanduku moja. Mlo wenye kalori chache waweza kuwa na chumvi nyingi. Maneno makubwa yaliyo mbele ya sanduku huandikwa ili kuuza. Tarakimu ndogo zilizo nyuma ndizo za kusomwa.

KUPASHA MOTO

Jiko la maikrowevu halina moto wala waya mwekundu. Lina kifaa kiitwacho magnetroni kinachotoa mawimbi. Mwaka 1945 Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon, alikuwa karibu na magnetroni akaona peremende ya chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake. Jiko la kwanza kuuzwa, la mwaka 1947, lilikuwa na kimo cha karibu mita 1.8 na uzito wa zaidi ya kilo 300.

Mawimbi haya huzitikisa chembechembe za maji zilizomo katika chakula, na mtikisiko huo huwa joto. Barafu haiyapokei vizuri kama maji. Kwa hiyo kingo za chakula zikishayeyuka hupata moto upesi, na katikati hubaki barafu. Hapo pana hatari, maana bakteria waliolala huamka. Mpishi hana budi kukikoroga chakula, kukirudisha jikoni, na kukiacha kitulie dakika chache ili joto lienee. Katikati yapasa kufika digrii 74 za sentigredi. Vyombo vya bati au karatasi ya alumini visitiwe humo, kwani huweza kutoa cheche.

Milo yenye kalori chache ni ya watu wazima wanaohitaji kupunguza uzito. Wewe unakua, mifupa, misuli na ubongo wako vyahitaji kalori za kutosha kila siku. Mtoto asipunguze chakula pasipo shauri la mganga.

MASWALI

1. Sanduku la tatu lina gramu 300 na kalori 390. Je, linaweza kutangazwa kuwa na kalori chache? Ukiongeza gramu 150 za mboga zenye kalori 45, kila gramu 100 za mlo huo zitakuwa na kalori ngapi?

2. Kwa nini supu ya kuku na wali ilishibisha kuliko kuku na wali pamoja na glasi ya maji? Jadilianeni darasani.

3. Mtu amepasha mlo katika maikrowevu. Kingo zinachemka, lakini katikati pana barafu. Eleza sababu, na utaje mambo mawili anayopaswa kufanya.

4. Pima gramu 100 za maharage makavu. Yaloweke, yachemshe mpaka yaive, yachuje, kisha uyapime tena. Uzito ulioongezeka umetoka wapi? Je, kalori zimeongezeka pia?