Barafu Haiui Vijidudu



Misa ya Jumapili ikishakwisha, nje ya lango la kanisa huwa pana soko dogo. Yupo mama anayekaanga vitumbua, yupo kijana mwenye sanduku la lambalamba, na mwingine anauza barafu za ubuyu na ukwaju zilizofungwa katika vifuko. Mbele kidogo, karibu na stendi, pana chipsi mayai na mishkaki. Watoto wanavuta kanga ya mama: "Mama, nataka ya ubuyu!" Baba anatoa fedha, na familia inarudi nyumbani kwa furaha.

Furaha hiyo ni njema, na ukurasa huu hauna nia ya kuikataza. Wauzaji wale ni wanajumuiya wenzetu, nao husomesha watoto kwa biashara hiyo. Lakini chakula hicho hicho kinaweza kuleta kuharisha, homa ya matumbo au kipindupindu. Tunakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi pamoja na Zanzibar. Basi leo tujifunze namna ya kuchagua.

1. Kosa tunalolifanya wengi

Wazazi wengi huogopa chakula cha moto cha barabarani, lakini humpa mtoto barafu bila wasiwasi. Hudhani kwamba kitu kilichoganda hakina vijidudu. Sivyo. Baridi huvilaza tu vijidudu vingi, haiviui. Barafu ikiyeyuka mdomoni, navyo huamka. Kwa hiyo barafu ni safi kama yalivyokuwa safi maji yaliyoitengeneza, wala si zaidi.

Kinachoua vijidudu ni moto. Kitumbua kinachotoka katika mafuta yanayochemka mara nyingi ni salama kuliko barafu ya maji ya kisima yasiyochemshwa. Vivyo hivyo urojo wa Zanzibar: ukichotwa kutoka sufuria inayochemka hauna shaka kubwa. Shaka iko kwenye chatne na kachori zilizokaa wazi tangu asubuhi.

2. Askrimu na koni

Askrimu ina maziwa na sukari, na vijidudu hupenda maziwa kama sisi tunavyoyapenda. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, askrimu huyeyuka na vijidudu huongezeka. Umeme ukirudi, inaganda tena, na mnunuzi haoni tofauti kwa haraka. Itazame vizuri: ikiwa imepoteza umbo lake, au ina chembechembe nyingi za barafu juu, huenda iliyeyuka ikagandishwa upya. Iache.

Mashine ya koni nayo inahitaji kusafishwa kila siku, hasa mdomo wake. Ukiona mabaki ya maziwa yamekauka pale, nenda duka jingine.

Akina mama wajawazito wawe waangalifu zaidi. Kuna bakteria aitwaye listeria ambaye huweza kukua hata ndani ya friji, na huweza kusababisha mimba kutoka. Mjamzito ale askrimu iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa au yaliyosindikwa kiwandani kwa joto.

3. Sandwichi, wali na vyakula vilivyolala

Mkate wenyewe hauna hatari kubwa. Hatari ni kile kinachowekwa katikati: mayai, nyama au mayonezi. Vyakula hivyo vikikaa katika vuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Sentigredi, vijidudu huzaliana upesi. Visikae hapo zaidi ya saa mbili. Katika joto la pwani, muda huo upungue.

Wengine husema, "Si kitu, nitakipasha moto." Kupasha moto hakutoshi siku zote. Bakteria wanaotoka katika vidonda vya mikono au puani mwa mpishi huacha sumu ambayo moto wa kawaida hauiondoi. Ndivyo ilivyo pia kwa wali au pilau lililolala nje ya friji. Mtu akila, huweza kutapika ndani ya saa chache.

4. Tazama mambo manne kabla ya kununua

(a) Maji: Muulize muuzaji kwa heshima, "Mama, maji haya ya barafu mmeyachemsha?" Maji yakishatokota vizuri, yaachwe yachemke dakika 1 kamili. Pale penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, yachemke dakika 3.

(b) Moto: Chagua kinachopikwa mbele yako. Mishkaki isiwe na wekundu ndani.

(c) Mikono: Je, pana maji na sabuni? Je, anayeshika fedha ndiye anayeshika chakula?

(d) Kifuniko: Je, chakula kimefunikwa, au nzi wamekitangulia? Kachumbari iliyokatwa mapema na kuachwa wazi, iache.

5. Mtoto akiharisha

Kinachoua haraka ni kupungukiwa maji mwilini. Anza nyumbani mara moja. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kutoka zahanati au duka la dawa. Yakikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100. Mkubwa zaidi, mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Usimwachishe ziwa wala usimnyime chakula. Mhudumu wa afya atampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Mkimbize kituo cha afya ukiona macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inarudi polepole, analegea, hawezi kunywa, choo kina damu, au anaharisha choo kama maji ya mchele. Usingoje kesho, na uendelee kumnywesha njiani.

Mwisho

Ndugu msomaji, tusiwakimbie wauzaji wetu. Muuzaji akiona wateja wanapenda barafu ya maji yaliyochemshwa, atachemsha. Jumuiya inaweza kuweka ndoo ya maji yenye bomba na sabuni pale langoni. Gharama yake ni ndogo kuliko kumlaza mtoto mmoja. Hivyo watoto wataendelea kufurahia ubuyu wao, na mama wa vitumbua ataendelea kupata riziki.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Kwa nini barafu inaweza kuleta maradhi ingawa ni baridi?
2. Ni chakula gani kinachouzwa karibu na kanisa letu kilicho salama zaidi, na kwa sababu gani?
3. Tunaweza kuwasaidiaje wauzaji wetu wapate maji safi na sabuni?
4. Nani katika familia yako anajua kuchanganya maji ya chumvi na sukari? Aoneshe wengine leo.