Vito vya Marehemu Vipimwe Kabla ya Kugawanywa

Katika darasa iliyopita tulieleza kuwa deni na wasia hutangulia kabla ya mali ya maiti kugawanywa. Leo twataka kuzungumza juu ya mali ambayo watu wetu wa pwani huisahau katika hesabu, au huihesabu kwa kukisia tu: nayo ni vyombo vya dhahabu na vito walivyoviacha mama zetu na bibi zetu.

Ada iliyoenea ni hii. Mama akifa, kisanduku chake hufunguliwa baada ya hitima, binti mkubwa akachagua kwanza, mdogo akapewa kilichosalia, na wanaume wakaambiwa kuwa vyombo vya mama ni vya mabinti. Au kaka mkubwa hukichukua kisanduku akisema akihifadhi, kisha kisionekane tena. Yote mawili si sharia. Alichokiacha marehemu, kiwe shamba au kipini cha pua, ni cha warithi wote kwa mafungu yaliyobainishwa katika Suratun-Nisaa. Ila kile alichokitoa na kukikabidhi mwenyewe katika uhai na afya yake, au warithi waliobaleghe wakiridhiana kwa hiari yao. Ama haki ya yatima, hapana awezaye kuisamehe kwa niaba yake.

Na fungu halijulikani ila kwa kujulikana thamani. Tuchukue mfano. Mwanamke amefariki, akaacha mume, mwana mwanamume mmoja na mabinti wawili. Vyombo vyake vimekisiwa shilingi 800,000. Mume ana robo, yaani 200,000. Zilizosalia 600,000 huwa mafungu manne: mwana mwanamume 300,000, na kila binti 150,000. Sasa binti mmoja akapewa pete ya yakuti nyekundu kuwa ndiyo 150,000 zake, kisha ikadhihirika kuwa jiwe lile lilitengenezwa kwa mashine, wala pete haina thamani ila ya dhahabu iliyolishika. Binti huyu amepunjwa, ingawa hapana aliyekusudia kumpunja.

Wengi husema: "Pete hii ni ya zamani, bibi aliivaa kabla ya vita, haiwezi kuwa ya bandia." Hoja hii haisimami. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa moto, na mawe hayo yakaenea ulimwenguni. Kadhalika Mikimoto wa Japani alipata lulu zake za kwanza za kupandikizwa mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1920 lulu za namna hiyo zikiuzwa masokoni. Basi umri wa pete si ushahidi wa jiwe lake.

Wala majaribio ya nyumbani hayatoshi. Yakuti ya mashine yakwaruza kioo kama ya mgodini, na uzito wao ni mmoja, kwani asili yao ni moja. Tofauti huonekana ndani, kwa hadubini: ile ya Verneuil huwa na mistari iliyopinda na mapovu madogo ya hewa. Kuisugua lulu kwa meno huitenga na shanga ya kioo, lakini hakuitengi iliyozaliwa yenyewe baharini na iliyopandikizwa. Hiyo yataka eksirei. Na anayeijaribu lulu kwa siki au ndimu, huiharibu.

Elimu hii si ngeni kwetu. Abu Rayhan al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima juu ya johari, akapima mawe kwa maji yanayomwagika, na akaitenga yakuti na jiwe jekundu liitwalo la'l, ambalo leo huitwa spineli. Yakuti ni nzito mara 4 kuliko maji ya ujazo wake. Spineli ni mara 3.6. Hata hivyo, jiwe kubwa jekundu la taji la Uingereza liliitwa yakuti kwa karne nyingi, nalo ni spineli. Ikiwa hazina ya wafalme ilikosea, kisanduku cha bibi je?

Basi twashauri hivi.

Kwanza, orodha iandikwe mbele ya warithi wote, na kila chombo kipigwe picha.

Pili, dhahabu isipimwe pamoja na mawe. Uzito wa mawe utolewe, kisha usafi wa dhahabu ujulikane: karati 22 ni sehemu 916 katika 1000, na karati 18 ni 750. Tola moja ni gramu 11.66.

Tatu, mpimaji asiwe mnunuzi. Mwenye kutaka kununua ana faida katika kushusha. Ujira wake uwe wa kazi, si sehemu ya thamani, na warithi wawili wawepo apimapo.

Nne, kutambua jiwe ni kazi moja, na kukadiria bei ni nyingine. GIA ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1931, hutoa cheti cha kulieleza jiwe, lakini haitaji bei. Na ulizeni bei ipi: bei ya kununulia dukani huwa kubwa kuliko bei ya kuuzia. Katika mirathi itazamwe bei ambayo chombo kingeuzwa sokoni wakati wa kugawanya.

Si kila kito kipelekwe mbali. Fundi stadi hukitambua kioo kwa kukitazama. Lakini kinachodhaniwa kuwa cha thamani, gharama ya kukipima ni nyepesi kuliko dhulma.

Na apendaye pete ya mama yake kwa ukumbusho, naaichukue kwa thamani yake katika fungu lake. Hapo ataivaa naye ana amani na ndugu zake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.